T ya West Ham

Miaka ile West Brom wakiwa bado Ligi Kuu ya Uingereza, nilikuwa na nafasi yangu ya kudumu katika kibanda umiza kimoja cha mtaani kwetu: mabenchi matano, feni moja inayozunguka kwa kulalamika, na kijana mlangoni anayekusanya kiingilio. Benchi la nyuma alikaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Sote tulimwita Mwalimu. Alikuja kuangalia mpira, na alikuja pia kuwasahihisha watangazaji.

Siku West Ham walipocheza na West Brom, alinigusa bega.

"Umemsikia huyo, mwanangu? 'Wes Brom.' T ameipeleka wapi? Darasani kwangu ningempa sifuri."

"Lakini, Mwalimu, West Ham anaitamka na T yake."

Akatega sikio. Mpira ukaenda na kurudi, na mtangazaji akayataja majina yote mawili mara kadhaa. Ilikuwa hivyo hivyo: T ya West Ham ipo, ya West Brom haipo.

"Basi anaitamka akiikumbuka," akasema Mwalimu. "Uvivu tu."

Jibu hilo halikuniingia. Mvivu huacha kazi ovyo, leo hapa, kesho pale. Huyu aliiangusha T ya jina moja na kuibakiza ya jina la pili kwa dakika 90, huku macho yake yakiwafuata wachezaji 22. Anayekosea kwa mpangilio wa namna hiyo hakosei. Ana kanuni, hata kama hajawahi kuambiwa kwamba anayo. Wapenzi wa mpira huku kwetu humsifu mtangazaji Peter Drury kwa maneno yake matamu. Mimi tangu siku ile nimeanza kuwasifu watangazaji wote kwa yale wasiyoyatamka.

Usiku ule nilitafuta marudio kwenye simu, nikapunguza kasi hadi nusu, nikavaa spika za masikioni. Nilirudia sehemu mbili fupi mpaka nikachoka. Jaribu nawe, lakini kwanza fanya kwa mdomo wako mwenyewe. Tamka S na uishikilie: ncha ya ulimi iko karibu kabisa na ufizi wa juu, nyuma ya meno, na pumzi inapita kwenye mwanya mwembamba ikilia kama tairi linalovuja. Sasa ziba mwanya huo kabisa, halafu uachie. Hiyo ndiyo T. Tunachokisikia ni ule mwachio, mlipuko mdogo usiofika hata sehemu ya kumi ya sekunde. T ni sauti ya mlango unaofunguka.

Katika "West Ham" mtu wa mashariki ya London huitupa H, kwa hiyo baada ya T inafuata irabu moja kwa moja. Mdomo uko wazi, na mlango unapofunguka, sauti inatoka nje. Tena T haikai tena mwisho wa neno la kwanza. Inahamia kwa jirani na kulianzisha neno la pili: "Wes-Tam". Katika "West Brom" baada ya T inafuata B, na B inatamkwa kwa kufunga midomo. Ulimi unapotaka kuiachia T, midomo tayari imeshafungwa kuipokea B. Mlango wa ndani unafunguka ilhali lango la nje limefungwa. Jirani atasikia nini? Kazi hiyo haina faida, na ulimi haufanyi kazi isiyo na faida.

Hapo ndipo nilipoanza kuona ufundi. Kiswahili kimejengwa kwa konsonanti na irabu zikipokezana kama mguu wa kushoto na wa kulia: ka-la-mu, ba-ra-ba-ra, m-pi-ra. Kiingereza hurundika. Neno "texts" linaishia kwa konsonanti nne zilizosongamana. Ukisema "next street", kati ya irabu ya neno la kwanza na ya neno la pili kuna konsonanti sita mfululizo: K, S, T, S, T, R. Hakuna mdomo wa binadamu unaopita hapo kwa mwendo wa mazungumzo bila kupunguza kitu. Sisi tukikutana na rundo kama hilo tunalipa dawa yetu: tunaongeza irabu. Post ikawa posta, August ikawa Agosti, na kwenye kibanda umiza watu hushangilia "Westi Hamu". Wenye lugha yao wana dawa nyingine kwa ugonjwa huo huo: wanatoa konsonanti. Sisi tunaweka daraja, wao wanaondoa jiwe.

Swali la fundi ni jiwe lipi liondoke. Hapo kanuni ni kali kuliko nilivyodhani.

Kwanza, wanaoondoka sana ni T na D, na ni pale tu wanapobanwa katikati, konsonanti mbele na konsonanti nyuma. "Last night" inakuwa "las nait". "Old man" inakuwa "ol man". "Next day" inakuwa "neks dei". Ifuate irabu, na T inarudi kazini: katika "last orders", wito wa mwisho wa kuagiza kinywaji kwenye baa za Uingereza, T inasikika wazi na kuianzisha "orders". Hata H husaidia kuilinda. Ndiyo maana "first half" ya mtangazaji kwa kawaida hubaki na T yake.

Pili, anaangaliwa nani ametangulia. Msikilize mtangazaji anapowataja mabeki wawili wa pembeni. Beki wa kushoto ni "left back", na T iliyobanwa kati ya F na B inatoweka: "lef bak". Beki wa kulia ni "right back", na hapo T haiangushwi, kwa sababu iliyotangulia ni irabu. Inachofanyiwa ni kukatwa kooni: pumzi inazuiwa ghafla, kimya kifupi kinapita, kisha B inaanza. Hali ni hiyo hiyo T inapotanguliwa na N au L. "Went back" haiwi "wen bak" katika mdomo wa mtu wa London; kuna kijikwazo kidogo kooni kinachoshikilia nafasi ya T. D ikitanguliwa na N au L huondoka bila kuaga: "stand still" inasikika "stan stil". Majirani wale wale, konsonanti mbili zinazotamkwa mahali pamoja kinywani, hukumu mbili tofauti. Na kila mtoto aliyekulia Kiingereza anazifuata hukumu hizo kabla hajajua kuandika jina lake.

Tatu, ikifuata sauti ya Y, mara nyingi T haitoki wala haibaki. Inayeyuka pamoja na Y na kuzaa CH: "last year" inakuwa "las chia", "don't you" inakuwa "doncha". D hufanya vivyo hivyo na kuzaa J. Msomaji wa Kiswahili asishangae. Sisi tulipounganisha "ki" na "angu" hatukusema "kiangu", tulisema "changu". Ki na umba ikawa chumba. Konsonanti iliyo tofauti, kiwanda kile kile.

Nilipofika hapo nilidhani nimeelewa: fundi huyu anakata. Kumbe kuna waliochungulia ndani ya kinywa chenyewe wakakuta mengine. Catherine Browman na Louis Goldstein wa Haskins Laboratories, New Haven, Marekani, walichunguza kumbukumbu za mwendo wa ulimi zilizopatikana kwa kubandika vichembe vidogo vya madini juu ya ulimi wa msemaji na kuvifuatilia kwa mwale mwembamba wa eksirei. Mfano wao mmoja umekuwa mashuhuri: maneno "perfect memory", yaani kumbukumbu kamili. Msemaji alipoyatamka kama orodha, neno moja kisha pumziko kisha la pili, T ya "perfect" ilisikika. Alipoyatamka kama kauli moja, T haikusikika kabisa. Ungeapa ameiacha. Lakini mchoro wa eksirei ulionyesha ncha ya ulimi ikipanda hadi ufizini, kama ilivyopanda mara ya kwanza. T ilitengenezwa. Ila K iliyotangulia ilikuwa haijaachiwa sawasawa, na midomo iliwahi kufunga kwa ajili ya M, basi T ikazaliwa na kufa katikati yao bila mtu wa nje kujua.

Nimeifikiria T hiyo mara nyingi. Wanaofanya kazi ya mikono wanaijua hali hii: kuna mshono wa ndani ya kola ambao mvaaji hatauona maisha yake yote, na fundi mzuri anaushona vilevile. Kinachoonekana kwetu kama kuangusha, mara nyingine ni kupanga sauti moja juu ya nyingine, kama vigae, ili zote zipite ndani ya muda wa moja. Na kwa kuwa zote zimepangwa, msemaji akitakiwa kurudia taratibu, T inatokea papo hapo. Haikuwa imepotea.

Konsonanti nyingine nazo zina taratibu zao. H huondoka katika maneno madogo yasiyotiwa mkazo: "tell him" inakuwa "telim", "give her" inakuwa "giva". Hilo hulifanya kila mtu, hakimu na mchuuzi. Lakini mchuuzi akiitupa H ya "house" au ya "Ham", watu wa tabaka jingine humcheka. Wanaocheka wanasahau kwamba neno lao dogo "it" lilikuwa na H zamani; katika Kiingereza cha kale liliandikwa "hit". H ikaanguka, ikasahaulika, na leo hakuna mwalimu anayeidai. Wanasahau pia habari ya "'em", kama katika "tell 'em". Wengi hudhani ni "them" iliyokatwa kichwa. Asili yake ni neno la kale zaidi la Kiingereza, "hem", lililotumika kabla ya "them" kuja na watu wa kaskazini waliovuka bahari kutoka Skandinavia. Kwa hiyo anayesema "'em" hajavunja neno jipya. Ametunza neno la mababu, na kilichoondoka ni H tu.

V nayo imetoka katika "of" kwa ruhusa ya serikali nzima. "Five o'clock" ni kifupi cha "of the clock", na hata barua rasmi huandika hivyo. Hakuna anayeiita uvivu, kwa sababu imepewa alama yake ya kuandikia.

Hapo ndipo penye siri ya lawama. Konsonanti iliyoanguka zamani na kukubaliwa na vitabu tunaiita tahajia. Iliyoanguka jana tunaiita uzembe. Angalia jina Newcastle: T imo kwenye maandishi, kwenye jezi na kwenye tiketi, na hakuna Mwingereza anayeitamka. Vivyo hivyo "listen" na "whistle". "Soft" ina T, "soften" haina. "Christ" inayo, "Christmas" haina. William Caxton alileta matbaa ya kwanza Uingereza, pale Westminster, mwaka 1476, na tangu hapo maandishi yakaanza kuganda huku ndimi zikiendelea na safari. Wakati mwingine shule humrudisha aliyefukuzwa: T ya "often" ilishaanguka, na leo wapo wengi wanaoitamka tena kwa sababu wameiona kwenye karatasi. Na neno "gospel", ambalo huku kwetu limekuwa jina la muziki wa kanisani, lilikuwa "godspel", habari njema. D ilibanwa mbele ya S na P, wakaiacha. Hakuna mchungaji aliyewahi kuiombolezea.

Kiswahili kinalo ushahidi wake katika kesi hii, na ni ushahidi mzuri kwa kuwa haukukusudiwa. Maneno ambayo watu wetu waliyapokea kwa sikio, kabla ya kuyaona yameandikwa, yamehifadhi kile ambacho Mwingereza alikitamka kweli. Tunasema Krismasi. T haimo, na haikuwahi kuwemo, kwa sababu aliyeileta hakuitamka. Tunasema kabati, kutoka "cupboard", na P haimo, kwa kuwa Mwingereza ameiandika karne nyingi bila kuitamka. Mwalimu wangu wa kibanda umiza, kila Desemba, alitutakia Krismasi njema. Aliiangusha T ile ile aliyomnyimia mtangazaji alama.

Kuna watu walioufanya usikivu huu kuwa kazi ya maisha. Henry Sweet, Mwingereza mkali wa tabia aliyempa George Bernard Shaw sehemu ya Profesa Higgins katika mchezo wa Pygmalion, alitoa mwaka 1890 kitabu cha Kiingereza cha kusemwa, akaandika matamshi ya watu wa London kama yalivyotoka midomoni, pamoja na mikato yake. Daniel Jones wa Chuo Kikuu cha London, kile cha University College, alitoa kamusi yake ya matamshi mwaka 1917, nayo ikachapwa tena na tena. Kazi yao ilikuwa ngumu kwa sababu moja isiyo ya kawaida: msemaji mwenyewe ni shahidi asiyeaminika. Muulize kama anasema "las nait" na atakataa kwa hasira. Halafu atakuambia alilala vibaya "las nait".

Aliyenifundisha zaidi ni Mmarekani, William Labov, aliyekuwa mkemia wa kiwandani kabla hajageukia lugha. Mwaka 1962 aliingia katika maduka makubwa matatu ya New York: Saks ya matajiri, Macy's ya watu wa kati, na S. Klein ya bei nafuu. Katika kila duka alitafuta kwanza bidhaa iliyokuwa ghorofa ya nne, kisha akamwuliza mhudumu iko wapi. Mhudumu akajibu: "Fourth floor." Labov akajifanya hakusikia vizuri: samahani? Mhudumu akarudia, safari hii kwa makini. Labov akasogea pembeni, akaandika kwenye daftari. Alichokitafuta ni R mbili, ya "fourth" na ya "floor". Saks zilisikika nyingi kuliko kote, S. Klein chache kuliko kote, Macy's katikati.

Ukiishia hapo utasema: ona, maskini wanaangusha, matajiri wanatamka. Vuka bahari mpaka London, na mambo yanapinduka. Huko kutamka "fourth floor" bila R ndiko kusema kwa heshima, ndiko kwa watangazaji wa redio na watu wa mahakamani, na R inayosikika ndiyo inayomtambulisha mtu wa shamba. Konsonanti moja, maneno yale yale mawili, miji miwili, hukumu mbili zinazopingana. Basi sauti yenyewe haina hatia. Tunachohukumu ni nani ameiangusha.

Labov akaipeleka hoja hiyo Harlem. Miaka ile ya 1960 walimu na wataalamu waliwasikia watoto Weusi wakisema "pas" mahali pa "past" au "passed", wakahitimisha kwamba watoto hawajui wakati uliopita, au hata kwamba hawana mantiki. Yeye na wenzake wakakaa na vijana, wakarekodi masaa mengi ya mazungumzo, wakahesabu T moja moja. Walichokuta ndicho kilichonifanya niinamishe kichwa. Wasemaji waliangusha T zaidi mbele ya konsonanti kuliko mbele ya irabu, kanuni ile ile ya West Brom na West Ham, ingawa huko Harlem T iliangushwa mara nyingi zaidi. La pili ni kubwa kuliko hilo. Chukua maneno mawili: "mist", ukungu, na "missed", alikosa. Yanatamkwa sawa kabisa. Katika "mist" T ni sehemu tu ya jina. Katika "missed" T ndiyo inayobeba wakati uliopita. Ikitoka, habari inatoka nayo. Na T ya "missed" huangushwa mara chache kuliko ya "mist". Watafiti waliofuata waliyakuta hayo katika miji mingi ya Marekani.

Simama hapo kidogo. Hakuna mzazi anayemfundisha mwanawe hivyo. Hakuna msemaji anayehesabu. Lakini ulimi, katika mbio za mazungumzo, unatofautisha T ya pambo na T yenye mzigo, na unaishikilia kwa nguvu zaidi ile yenye mzigo. Watoto wale walioambiwa hawana sarufi walikuwa wameibeba sarufi mpaka kwenye ncha ya ulimi. Mwaka 1969 Labov aliandika makala ya kuwatetea, akionyesha kuwa usemi wao una mantiki yake timamu, na tangu hapo mwenye elimu ya lugha hawezi tena kuwaita wavivu bila kuona aibu.

Wala tusijifanye sisi ni watazamaji tu. Kiswahili nacho ni mtoto wa mikato. Mchewa akiwa na njaa husema "njala", Mganda "enjala". Mvua kwa Mchewa ni "mvula", kwa msemaji wa Kilingala "mbula". Sisi tuliiangusha L kati ya irabu mbili zamani sana, na mahali pake pamebaki irabu mbili zikitazamana: njaa, mvua, kaa, vaa, zaa. Lakini haikwenda mbali. Ongeza kiambishi, na L inatoka mafichoni: kaa, kalia; vaa, valia; zaa, zaliwa; chukua, chukuliwa. Kila tunaposema "nimezaliwa" tunaitamka konsonanti ambayo mababu waliiweka pembeni kwa hesabu nzuri kama hii hii. Tunaiita sarufi, tunaitungia mitihani.

Na kazi inaendelea mbele ya masikio yetu. Sasa hivi imekuwa "saivi" Dar es Salaam, na saa hii imekuwa "sai" Nairobi. Kwa hiyo imekuwa "kwaiyo". Amekwisha fika imekuwa ameshafika, na hiyo ya mwisho tayari imeingia vitabuni. Mwalimu wangu naye, mechi ikimalizika, alizoea kuinuka, kujinyoosha mgongo na kutuambia: "Haya, saivi kila mtu kwao." Sikuwahi kumsahihisha. Mkubwa hasahihishwi, na isitoshe hakuwa amekosea.

Kwa wanaofundisha na wanaojifunza Kiingereza, nina neno moja. Wanafunzi wetu wengi husoma gazeti la London bila shida, halafu hukwama mbele ya redio ya London. Tatizo haliko kwenye msamiati. Wanasubiri T ambayo haiji. Wanasikia "neks dei" na wanatafuta kwenye kamusi ya kichwani neno lisilokuwemo. Wafundisheni kusikia kilichoachwa: chukueni dakika moja ya mazungumzo ya kweli, iandikwe kama ilivyosikika, kisha iwekwe pembeni ya maandishi kamili, na darasa litafute kila konsonanti iliyoanguka na jirani aliyeiangusha. Simu ya mkononi inatosha kwa kazi hiyo. Kusema hivyo wenyewe si lazima. "Last night" yenye T yake kamili inaeleweka kote duniani. Lakini asiyeusikia mkato ataendelea kuambiwa mambo kwa Kiingereza bila kuyapata, hata akiwa na cheti.

Na alama ya mtangazaji yule naomba irekebishwe. Kwa dakika 90 alijua T ipi itasikika na ipi itafia mdomoni, hakuikosa hata moja, na wala hakujua kwamba anajua. Mimi ningempa mia kwa mia.